Kabla ya Kulipia Fremu, Lipime Wazo Lako

Hapa Moshi, ukipita mtaa wowote wenye fremu mpya utakuta biashara zilezile: wakala wa fedha za simu, saluni, duka la vyakula, na kibanda cha chipsi pembeni. Biashara hizo si mbaya, kwani wapo wanaosomesha watoto kwa kuzifanya. Ninachosikitikia ni kwamba wengi huziingia kwa kutazama duka la jirani lililojaa wateja, bila kujua mwenye duka ananunua wapi mzigo wake, anadaiwa kiasi gani, wala alivumilia muda gani kabla hajaanza kuona faida. Ndiyo maana wadogo zangu wanaponiuliza wafanye biashara gani, huwaambia watafute mahali ambapo watu tayari wanatoa fedha huku wakinung'unika. Manung'uniko peke yake hayatoshi, maana watu hulalamikia vumbi la barabarani mwaka mzima bila kuwa tayari kulipa hata shilingi mia moja ili liondoke; lakini mtu anayelipa na bado akalalamika anakuonyesha kwa pamoja fedha ilipo na kasoro ilipo.

Binti wa shangazi yangu, anayeishi Soweto, alipata wazo lake kwa njia hiyo. Mdogo wake ni mgumu, yaani mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, na kila aliporudi kutoka mlimani alikuwa akieleza jinsi kampuni zinavyohangaika na mabegi ya kulalia wageni, ambayo hushuka yakiwa yamejaa vumbi na jasho na hutakiwa yawe safi kabla kundi jingine halijapanda. Dobi wa kawaida huyachukua, lakini hajui kuyakausha. Mabegi mengi ya aina hiyo hujazwa manyoya ya bata au bata bukini, na manyoya yasipokauka mpaka ndani hugandamana, hutoa harufu na hupoteza joto. Kwenye kambi za mwisho, ambazo ziko zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari na ambako usiku baridi hushuka chini ya nyuzi sifuri, hilo si jambo la kuchukulia kirahisi.

Aliponijia alikuwa amefurahi sana. "Kaka, kila niliyemweleza ameniambia nianze hata kesho," alisema. Nilimsihi asiutegemee sana ushahidi huo, kwa kuwa sisi ni watu wa heshima, na ukimweleza mtu ndoto yako atakuambia hongera, Mungu akutangulie, hata kama hana nia ya kukuletea kazi. Badala ya kuuliza kama watampa kazi, nilimwomba aende kwa watunza stoo wa kampuni za utalii akawaulize yaliyokwisha kutokea: mara ya mwisho nani aliwafulia, walilipa kiasi gani, kazi ilichukua siku ngapi, na ni kitu gani hakikuwaridhisha. Maswali ya namna hiyo hayamfanyi mtu aone haya, na majibu yake yana bei ndani yake.

Ndipo likajitokeza jambo ambalo kwangu lilikuwa kubwa kuliko yote. Wageni wengi hupanda mlima kati ya Juni na Oktoba, na mwezi Juni na Julai ndipo mji wetu unapokuwa na baridi na mawingu, jua likichungulia mchana kwa saa chache tu au lisionekane kabisa. Kazi itakuwa nyingi wakati ambapo kamba ya kuanikia haifai kitu. Kwa hiyo biashara hii, ambayo kwa nje inaonekana ni ya kufua, kwa kweli ni ya kukausha, na mtaji wake hauko kwenye sabuni na mabeseni bali kwenye mashine ya kukaushia, umeme wa kuiendesha, na chumba kisicho na unyevu.

Tukakaa na daftari. Tuseme begi moja linatozwa shilingi 8,000, na sabuni, maji, umeme na bodaboda vinakula 3,000, zinabaki 5,000. Kama kodi ya chumba ni 150,000 kwa mwezi na msaidizi analipwa 200,000, yanahitajika mabegi 70 kila mwezi ili kufidia gharama hizo mbili tu, kabla mwenye biashara hajajilipa senti na kabla hajatenga chochote cha kurejesha fedha za mashine. Julai huenda yakapatikana. Aprili, masika yakiwa yamepamba moto na wageni wamepungua, kodi haipungui. Wengi huipima biashara kwa mwezi wake mzuri, ilhali unaoifunga ni mwezi mbaya; hivyo binamu yangu anatafuta kazi nyingine ya mashine hiyohiyo kwa miezi hiyo, kama vile mablanketi na mapazia ya nyumba za wageni.

Kwa sasa nimemshauri asilipe kodi ya miezi sita. Achukue mabegi machache kutoka kampuni moja, ayafue nyumbani na kuyakausha kwa mashine ya kukodi, kisha aone kama watamletea tena bila kubembelezwa. Wakirudi na wakalipa kwa wakati, ndipo afuatilie jina la biashara kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, namba ya mlipakodi kwa mamlaka ya mapato, TRA, na leseni ya halmashauri, na apite SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973, aulizie mashine. Mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo asilimia 4 kati ya hizo 10 ni ya wanawake, hutolewa kwa vikundi, kwa hiyo akiutaka itabidi apate wenzake wa kuaminika. Na kuwapata wenzake hao kunahitaji muda na uangalifu uleule alioutumia kulichunguza wazo lenyewe.