Papa Potwe wa Kilindoni

Kisiwani Mafia nilifuata jambo moja: kumwona papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote. Boti ya Nyamisati ilichelewa kuondoka, bahari ilikuwa imechafuka, abiria walitapika mpaka Kilindoni. Huko nikatozwa bei ya Dar es Salaam kwa chumba kisicho na feni. Boti ya kwenda kwa potwe nayo hukodishwa nzima; usipopata wa kuchangia naye, unalipa peke yako. Nililipa, roho ikiniuma.

Hatukwenda mbali. Kuanzia Oktoba hadi Februari hivi potwe huja kula karibu na ufuko. Nahodha, mzee wa maneno machache, alisimama akikagua maji, kisha akazima mashine. "Shuka sasa, mwanangu. Usimguse, wala usimzibie njia."

Nilipoingiza uso majini niliona ubavu wenye madoa meupe ukinipita. Kichwa kilishapita, matamvua yakapita, mkia haujafika bado! Nimekulia Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, kuogelea nilijua kabla ya kusoma, lakini sijawahi kuwa majini na samaki aliyeuzidi urefu mtumbwi wetu wa nyumbani. Mdomo kauacha wazi, anachuja uduvi, wala hana habari nami. Nilimfuata mpaka miguu ikakaza. Madoa ya kila potwe ni yake peke yake, na watafiti huyapiga picha ili kumtambua. Wamegundua pia kwamba wengi hawahami Mafia. Msimu ukiisha husogea tu kwenye kina.

Wavuvi wa dagaa walikuwa palepale wakivuta nyavu. Nilimuuliza mzee potwe akinasa inakuwaje. "Tunamfungulia. Wa nini?"

Nilipiga mbizi pia Ghuba ya Chole, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1995. Matumbawe ni mazuri mno, ila akili yangu ilikuwa imeshakwenda nyumbani. Babu alikula furu, samaki wadogo wa ziwani, wa aina nisizowahi kuziona. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, akaongezeka akiwala, na aina nyingi za furu zikatoweka kabla hata hazijapewa majina na wataalamu. Hao hatukuwahi kuwafungulia.

Kijana aliyeniuzia chapati bandarini, mzaliwa wa Kilindoni, aliniambia hajawahi kumwona potwe. Pesa ya boti ataitoa wapi? Nami nilikwenda na boti yenye nafasi tupu. Wenye boti wangewapakia watoto wa shule, hata wawili watatu kila safari, mafuta yasingeongezeka kitu.