Duka la Ami bado lipo Pangani

Nimerudi Pangani baada ya miaka mingi Muscat. Mengi yamebadilika, lakini duka la Ami liko palepale, karibu na pantoni, na bado ni la familia ileile ya Kishihiri. Babu yao alilifungua, Ami akalirithi, na sasa anauza mwanawe.

Kwa vijana ni duka kama mengine: vocha, miamala ya simu, maji ya chupa. Sisi tuliokulia hapa miaka ya 1980 tunalijua vingine. Ungepata kaniki na doti za khanga, misumari, ndoana, tambi za kandili, daftari za shule, tende za Ramadhani. Pipa la mafuta ya taa lilikaa pembeni peke yake ili sukari isishike harufu. Ami alichota kwa kikombe cha bati chenye mkono mrefu, akamimina kwenye chupa yako, kisha akakigonga kikombe kwenye mdomo wa chupa mpaka tone la mwisho liingie. Hakumpunja mtu, hata mtoto aliyetumwa.

Lakini kilichoubeba mji huu ni daftari lake la mikopo. Baba alifanya kazi kwenye mkonge upande wa Mwera, na unga uliisha kabla ya mshahara. Wavuvi nao wana hesabu yao: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu, vyombo vinakaa pwani. Siku hizo ndizo walizokopa, giza likirudi wakalipa. Wenye minazi walilipa wakishauza mbata. Ami aliyajua yote haya kwa kichwa, na hakuwahi kumdai mvuvi mwezi ukiwa mpevu. Mikopo ya simu tunayoisifu leo inamdai mtu tarehe ileile, bahari iwe na samaki isiwe nao.

Na familia hii imepita mengi. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakatakiwa kupisha ya ushirika. Zoezi halikudumu, ila mama anasema hofu ilikaa. Baada ya vita vya Kagera bidhaa zikaadimika nchi nzima, sabuni na sukari zikawa za kupangia foleni, na mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Nakumbuka rafu za Ami zikiwa tupu. Siku ilipopatikana sabuni, aliukata mche kwa uzi, vipande sawasawa, kila nyumba kimoja. Nilimwona kwa macho yangu akimnyima mtu aliyekuja na noti mkononi akitaka mche mzima.

Bidhaa zilirudi biashara ilipofunguliwa kuanzia 1984, lakini mkonge ulikuwa umeshaporomoka. Nchi iliyozalisha zaidi ya tani 200,000 mwaka 1964 ilikuwa inaacha mashamba yaote pori. Watu wakapunguzwa kazini, wengine wakahama na madeni yao daftarini. Ami hakumpeleka mtu yeyote barazani. Mungu amrehemu.

Nilimuuliza mwanawe kama bado anakopesha. "Wavuvi, kaka, na wazee," akanijibu, akaendelea kupima mchele.

Kinachonitia wasiwasi ni barabara ya lami na daraja la kuvukia mto kwenda Bweni, ng'ambo. Tumevililia kwa miaka na tunavihitaji, mgonjwa hawezi kusubiri pantoni. Ila wateja wengi wa duka hili walikuwa ndio hao wanaosubiri kuvuka. Gari litakalopita moja kwa moja halitasimama kununua kiberiti.

Mimi nipo mpaka Ramadhani iishe, na sukari, ngano na tende za nyumbani kwetu zinatoka kwake. Ndugu zangu mlio Tanga na Dar, mkija kuwasalimia wazee msibebe mchele wa supamaketi. Nunueni kwake.