Shimo kabla ya msingi

Kiwanja nilichonunua Dodoma kiko bondeni, na sababu ya kuuzwa bei nafuu niliielewa kiangazi, nilipokuta ardhi imepasuka nyufa za kuingiza kiganja. Ule ni udongo wa mbuga, mfinyanzi mweusi unaovimba ukinyonya maji na kusinyaa ukikauka, na nguvu yake ya kuvimba inatosha kuinua ukuta wa nyumba ya chini.

Fundi alikuja na makadirio ya msingi wa mkanda, ule tuliouzoea: mtaro hufuata kuta, humwagwa zege chini, kisha tofali za kulaza hupanda hadi usawa wa sakafu. Sina ugomvi na msingi huo, kwani kwenye changarawe au mchanga ulioshikana hubeba nyumba ya kawaida bila taabu. Kwenye mbuga, hata hivyo, udongo wa pembezoni mwa nyumba hulowa na kukauka kwa misimu ilhali wa katikati haubadiliki sana, hivyo upande mmoja wa mkanda hunyanyuka huku mwingine umetulia, na ukuta hupasuka kwa mshazari kuanzia pembe za madirisha.

Nilimwomba kwanza achimbe shimo la majaribio, tuone mbuga inaishia kina gani. Alicheka kidogo, akasema hata jirani hakuchimba. (Jirani yuko mlimani, juu ya mwamba.)

Kama mbuga ingeendelea chini sana, ningebaki na njia mbili: kushusha nguzo za zege hadi kwenye tabaka gumu na kuziunganisha kwa bimu zilizoachiwa nafasi chini yake, ili udongo uvimbe bila kuzisukuma, au kumwaga jamvi, yaani bamba moja nene la zege chini ya nyumba yote, lenye nondo juu na chini, nyumba nzima ipande na kushuka kama kitu kimoja. Jamvi hula nondo na zege nyingi, na mfuko wangu usingelifurahia.

Kwa bahati, changarawe ilianza kwenye mita 1.4. Tuliondoa mbuga yote, tukajaza moramu, udongo wa changarawe usiovimba, kwa matabaka ya sentimita 15, kila moja likinyunyiziwa maji na kushindiliwa, ndipo tukajenga mkanda uleule wa fundi. Fedha iliyosalia ilikwenda kwenye ukanda wa zege wa mita moja unaoizunguka nyumba, ili maji ya paa yasidondokee karibu na kuta.