Kitufe cha O/D na mteremko wa Kitonga

Miaka miwili niliendesha gari la otomatiki bila kujua kazi ya kile kitufe kidogo ubavuni mwa gia. Siku nilipokigusa kwa bahati mbaya, "O/D OFF" ikawaka kwenye dashibodi, nikakimbilia kwa fundi. Alicheka mpaka akakaa kwenye tairi: O/D ni "overdrive", gia ya juu kabisa, na kitufe kile huizima tu.

Somo lenyewe nilipewa Kitonga, nikitoka Iringa kwenda Dar. Nashuka na D, gia ya kawaida ya kwenda mbele, mguu umeganda kwenye breki, mara harufu ya kuungua ikaingia ndani. Mjomba wangu, dereva mstaafu wa malori, akasema kwa upole: "Mjomba, unazipika hizo breki. Zima O/D, kisha weka 2."

Kwenye gia hiyo ya chini injini ikanguruma, gari likajizuia lenyewe! Breki nikawa nazigusa konani tu. Na kuna wanaoshuka na N, yaani gia huru, eti waokoe mafuta. Hapo injini haizuii chochote, breki zinabeba mzigo wote.

Ruaha Mbuyuni tulisimama. Nikataka kumwagia rimu maji, mjomba akanidaka mkono: diski ya breki yenye moto ikipigwa maji baridi inaweza kupinda. Akaenda zake kununua vitunguu, tukasubiri breki zipoe.