Siku moja maishani mwangu: leo nalaza trekta kabla baridi haijakaza

Saa moja asubuhi nimeliwasha kwa mara ya mwisho mwaka huu. Nikaliacha lingurume kama dakika 20 lipate moto, manake oili ya moto ni nyepesi na inatoka na uchafu wake, ukimwaga ya baridi mengi yanabaki chini.

Saa mbili nikamwaga oili. Wapo wanaosema watabadilisha msimu ukianza, mimi hapo sikubali kabisa. Oili iliyotumika ina asidi na unyevu, ukiiacha humo miezi minne mitano inakula beringi taratibu na injini imezimwa. Nikatia mpya na filta mpya, nikawasha tena dakika chache izunguke.

Saa tatu na nusu, dizeli. Kile kikombe kinachokusanya maji pale kwenye filta nikakimwagia kwenye chupa nyeupe nikainua juani: dizeli imekaa juu ya manjano, na chini kuna tone la maji kubwa kama punje ya hindi linateleza huku na huku, halichanganyiki. Hilo likiganda njiani dizeli haipiti, na lisipoganda linaleta kutu. Yani kazi yote ya leo ni kupambana na maji tu. Ndo maana tenki najaza mpaka juu, likiwa nusu hewa ya ndani inatoa jasho usiku na jasho lote linashukia kwenye dizeli. Na iwe dizeli ya majira ya baridi, ile ya kawaida inatoa nta inaziba filta.

Saa tano nikaosha, nikatoa makapi kwenye rejeta kwa upepo. Kulanti, yale maji ya kupoza injini, nikapima iko sawa, nusu maji nusu dawa ya kuzuia kuganda, hiyo inafika nyuzi 37 chini ya sifuri kabla ya kuganda.

Saa nane, grisi. Napiga kila kiungo mpaka ile nyeusi iishe itokee safi, manake inasukuma na maji ya kuoshea yaliyojificha humo. Vyuma vya haidroliki vinavyong'aa nimevirudisha ndani vyote, kinachobaki nje nakipaka grisi.

Saa tisa, klachi, na hapa naomba mnisikilize. Mwaka juzi sikuifanyia kitu, msimu ulipoanza nakanyaga pedali gia haziingii, pleti ya klachi imegandana na flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa kutu, siku mbili nzima zikaenda hapo wakati wenzangu wako shambani. Sasa hivi nakanyaga pedali mpaka chini nakaza ubao kati yake na kiti, inakaa hivyo hadi mwisho wa baridi.

Saa kumi betri, naanza kufungua hasi. Nimeichaji ikafika volti 12.6 nikaiweka ndani, maana iliyoisha chaji inaganda kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri halafu inapasuka.

Saa kumi na moja na nusu giza linaingia. Ekzosi nimeivika kopo na mlango wa hewa nimeuziba kwa kitambaa, panya wanapenda sana kulala humo. Nikachukua kipande cha boksi nikaandika kwa kalamu nene, nikakifunga kwenye usukani: TOA KOPO, TOA KITAMBAA, TOA UBAO WA KLACHI, NDIPO UWASHE.