Jinsi nilivyofanya tovuti yetu imtambue mgeni wake

Jamani leo nimepumua, acha niwaandikie. Tuko Kampala, tunauza safari za kuona gorila kwenye msitu wa Bwindi, na watu wa Nairobi na Mwanza walikuwa wanafungua tovuti wanaona kibali cha kuona gorila dola 800 wanapotea, wakati raia wa Afrika Mashariki analipa shilingi 300,000 za Uganda tangu Julai 2024. Nikabadilisha picha, wapi! Nikaweka programu ya kukisia nchi ya mgeni kwa IP (namba ya kifaa chake mtandaoni), ikawa mbaya zaidi, Mkenya anaona bei ya Mjerumani.

Siku tatu nahangaika ndio nikagundua ni kache: seva, yaani kompyuta inayotoa tovuti, inahifadhi ukurasa wa mgeni wa kwanza halafu inawapa huohuo wote wanaofuata. Basi nikabakiza ukurasa mmoja kwa wote, juu nikaweka vitufe vya "Unatoka wapi?", ukibonyeza, JavaScript (kodi inayofanya kazi ndani ya brauza) inabadilisha bei na kichwa cha ukurasa hapohapo kwenye simu yako, na brauza inakumbuka chaguo lako ukirudi. Ukijaribu ya kwako, tumia simu mbili tofauti, kompyuta yangu ilinichelewesha sana kwa kunionyesha kurasa za zamani. Sasa watu wakipiga simu wanaulizia tarehe za safari.