Nilivyoandika komedi ya mapenzi ya siri kwa jedwali la nani anajua nini

Mapenzi ya siri ndani ya kundi la marafiki yanaonekana kisa chepesi: wawili wanapendana, wengine hawajui, kisha wanajua. Ukiandika hivyo, vichekesho vinakwisha kabla skripti haijafika nusu. Skripti yangu ya dakika 22 ilikaa sawa pale nilipoacha kufuatilia mapenzi yenyewe nikaanza kufuatilia ujuzi: katika kila onyesho, nani anajua, na nani ameshtukia kwamba mwenzake anajua.

Nilijifunza kwa kuchambua sehemu ya 14 ya msimu wa 5 wa Friends, komedi ya televisheni ya Marekani kuhusu marafiki sita: Monica, Chandler, Joey, Rachel, Phoebe na Ross. Iliandikwa na Alexa Junge, ikaongozwa na Michael Lembeck, na kituo cha NBC kiliirusha tarehe 11 Februari 1999. Monica na Chandler walianza mapenzi London mwishoni mwa msimu wa 4, na waandishi wakaitoa siri hiyo kwa kibaba. Joey alikuwa wa kwanza kujua, akabebeshwa mzigo wa kunyamaza. Rachel akaja kuisikia kwenye simu. Sehemu ya 14 inapoanza, waliobaki gizani ni Phoebe na Ross, na hiyo ndiyo akiba yote ya kisa. Ukimfahamisha kila mtu siku moja, umekula mbegu.

Jedwali langu lina wahusika upande wa kushoto na maonyesho juu. Kila kisanduku kinabeba namba. 0 ni hajui. 1 ni anajua. 2 ni wapenzi wameshtukia kwamba siri imevuja. 3 ni waliovumbua nao wameshtukia kwamba wapenzi wameshtukia. Kila onyesho lazima libadilishe angalau kisanduku kimoja, na visizidi viwili. Onyesho lisilobadilisha chochote nalifuta, hata kama lina mzaha ninaoupenda. Likibadilisha vitatu kwa pamoja nalipasua, kwa sababu mtazamaji anahitaji muda wa kuona uso wa mtu mmoja ukipokea habari kabla hajageukia wa pili.

Ngazi ya 3 ndipo watazamaji wanapoanza kupotea. Friends walilitatua hilo kwa kumpa Phoebe aitamke hesabu nzima kwa mkupuo, ya hawajui kwamba tunajua kwamba wanajua kwamba tunajua, kisha akamwonya Joey asiseme neno. Joey anajibu kwamba hata angetaka asingeweza. Mzaha huo unafanya kazi ya ramani: mtu aliyekuwa jikoni akarudi sebuleni anajua tulipofika. Nami niliweka tamko la namna hiyo mara moja tu, mwanzoni mwa theluthi ya mwisho. Ukiliweka mapema zaidi linaeleza jambo ambalo bado halijamchanganya mtu.

Siri nayo inahitaji sababu ya kufichwa, na hapa skripti nyingi huanguka. "Wanaona aibu" haitoshi kubeba dakika 22. Chandler ni rafiki wa Ross tangu chuo, na Monica ni dada yake Ross, hivyo kuna mtu mahususi wa kuumia na urafiki mahususi wa kuvunjika. Kisa changu kinatokea katika nyumba ya kupanga yenye uani mmoja. Zuhura na Beka wanapendana. Shabani, kaka wa Zuhura, ndiye aliyemwombea Beka chumba kwa mama mwenye nyumba. Mwanaidi na Tito ni wapangaji wenzao. Beka akigundulika anapoteza rafiki, na pengine paa la kulalia.

Jambo lililonifundisha zaidi ni kisa cha pili. Katika Friends, Ross anahangaikia fleti ya ng'ambo ya barabara inayoachwa wazi. Inaonekana ni shughuli tofauti kabisa, lakini ni kwenye dirisha la fleti hiyo ndipo Phoebe anapowaona wapenzi, na ni dirisha hilohilo ambalo Ross mwenyewe anachungulia mwishoni, akiwa na bosi wake pembeni. Kisa cha pili kinafungua kisa cha kwanza na ndicho kinachokifunga. Kikikaa peke yake, mtazamaji anakihesabu kuwa matangazo. Kwangu Shabani anafunga tangi la maji la lita 1,000 juu ya mnara uliopo uani. Mwanaidi anapanda ngazi kumshikia bomba na kutoka juu anaona ndani ya chumba cha Beka. Shabani yuko chini, hivyo Mwanaidi lazima ameze mshangao wake papo hapo. Nilimpa koki mkononi ili awe na kitu cha kuangusha. Mshangao unaozuiwa huchekesha kuliko unaoachiwa, mradi mwigizaji awe na kazi ya mikono.

Bahati mbaya ya kuona au kusikia itumie mara moja tu ndani ya sehemu moja kumfahamisha mtu. Mara ya pili itafanya kazi endapo ni mahali palepale na mtu ni yule tuliyekuwa tukimwogopea tangu mwanzo.

Baada ya hapo ni pambano. Phoebe anajifanya kumtaka Chandler, Chandler anajifanya kukubali, na kila upande unangoja mwenzake akimbie. Utazame mpangilio wake wa milango: wachezaji wawili sebuleni, Monica msalani, Rachel na Joey nje mlangoni. Kila timu ina kona yake ya kwenda kupewa maelekezo, na bila kona hizo usingejua nani anaogopa nini. Mimi nilitumia uani kama uwanja, jiko la nje kama kona ya Mwanaidi na Tito, na bafu kama kona ya Zuhura.

Ngazi za pambano nilizibadili. Kule wanafika hadi kubusiana. Komedi ya jioni kwetu inatazamwa na baba, mama na watoto kwenye kochi moja, na busu lingebadilisha hewa ya sebule nzima. Mwanaidi anaanza kwa kulisifu shati la Beka. Anampakulia pilau sahani yake na kumwongezea nyama. Anamwita mume wangu mbele ya mama mwenye nyumba. Mwisho anashika simu kumpigia shangazi yake aulize habari za mahari. Hatua nne zinatosha, na kila moja lazima iwe ngumu kurudi nyuma kuliko iliyotangulia: sifa unaweza kuzikana, simu ya shangazi huwezi. Simu inapoita ndipo Beka anapopasuka na kusema anampenda Zuhura.

Tamko hilo nililiandika bila mzaha ndani yake. Chandler naye anapoungama, mchezo unasimama na Monica anatoka kuja kumsikia. Wote wanagundua jambo ni zito kuliko walivyodhani. Ukitia utani kwenye mstari huo, pambano lote linakuwa kelele. Utani urudishe baadaye kidogo, na kwa mtu mwingine. Kwangu ni shangazi, ambaye bado yuko kwenye simu.

Kwa urefu, skripti ya komedi inayochezwa jukwaani mbele ya kamera kadhaa huchapwa kwa nafasi mbili, na dakika 22 huchukua takriban kurasa 40 hadi 45. Pambano lipe kurasa 8 au 9. Ni nyingi, lakini ndilo walilolisubiri.

Kabla ya mazoezi, kila mwigizaji nampa kurasa za maonyesho aliyomo tu. Akifika mahali akauliza, "Hili nimelijuaje?", kuna tundu kwenye jedwali. Aliyeuliza alikuwa mwigizaji wa Tito. Tundu hilo nililiziba kwa mistari miwili karibu na karo la uani, Mwanaidi akimnong'oneza huku anajaza ndoo.